Paa la Gladys

Verna Tollefson alikuwa na mdomo mwepesi, na mdomo huo ndio uliompandisha kwenye paa. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye kuna watu kambini walioanza kudai kwamba wao ndio waliomtia moyo, na huo ni uongo mtupu. Ulikuwa mdomo wake mwenyewe.

Mchana mmoja alikuwa akizungumza na binti yake Joleen kwa simu ya video, simu ameiegemeza kwenye bakuli la machungwa, mara Joleen akanyamaza katikati ya maneno. Hakuwa akimtazama mama yake tena. Alikuwa akitazama dari nyuma ya kichwa cha mama yake, ambako doa la kahawia lilikuwa limetanda, pana kama sahani. Verna alilijua doa hilo. Wiki nzima alikuwa akihakikisha simu inaelekea upande wa jiko, na siku hiyo akapitiwa.

"Mama," Joleen akasema, "Gladys anavuja."

Gladys ndilo jina la nyumba yake ya magurudumu. Yeye na marehemu mumewe Orville walikuwa wakiingia humo kila baridi ya Dakota Kaskazini ilipoanza kung'ata, wanaendesha hadi huku Arizona, nje kidogo ya mji wa Yuma, wanakaa jangwani na kaptura zao hadi theluji ya kwao iyeyuke. Kambi nzima ni watu wa namna hiyo, wastaafu wenye nyumba za magurudumu, na karibu kila nyumba ina jina. Orville alikuwa amefariki, na huu ulikuwa msimu wa pili Verna anakuja peke yake. Alikuwa na miaka sabini na moja na aliendesha Gladys vizuri kuliko Orville alivyowahi kumwendesha, ingawa Orville akiwa hai Verna hakuthubutu kulisema hilo.

Joleen alikuwa msimamizi wa kliniki ya meno huko Fargo, mtu aliyezoea kuwaambia watu wazima wafungue mdomo watulie. Alikuwa amemwandalia mama yake chumba cha chini nyumbani kwake, chenye bafu lake na mapazia mapya. Alilieleza jambo hilo kwa upole, na upole ndio ulioharibu kila kitu, kwa sababu Verna angejua namna ya kujibu ukali.

"Gladys amechoka, Mama. Na paa huliwezi. Hiyo ilikuwa kazi ya Baba."

Huliwezi! Verna aliposikia neno hilo, masikio yakamwaka moto. Mlango ulikuwa wazi, na nje, kwenye zulia la plastiki, walikuwa wameshakaa watu wa saa kumi. Ndiyo desturi ya kambi: ikifika saa kumi kila mtu anabeba kiti chake, kinywaji chake na sahani ya kitu cha kutafuna, wanakutana mbele ya nyumba ya mmoja wao na kusengenyana kwa amani mpaka jua lizame. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Verna. Kwa hiyo kila alichosema kilisikika hadi kwenye kiti cha mwisho.

"Njoo wewe mwenyewe," alisema. "Nitaliziba hilo paa kwa mikono yangu. Likianguka hata tone moja ukiwa ndani, muuze Gladys, na mimi nitahamia kwenye chumba chako bila kutoa neno."

Nje viti vikageuzwa kuelekea mlangoni. Halafu Maxine Pruitt, jirani wa upande wa kulia, ambaye hufuatilia hali ya hewa kama wengine wanavyofuatilia mpira, akatamka kwa huruma kwamba mvua kubwa ilikuwa ikitoka baharini na ingefika Jumamosi. Simu ikamsikia. Siku ileile Joleen akakata tiketi ya ndege.

Usiku Verna alilala chini ya lile doa akalitazama. Si kwamba alimwogopa Joleen, au kwamba chumba kilikuwa kibaya. Tatizo ni kwamba huko Fargo angekuwa mgeni wa kudumu, mtu wa kuulizwa kama ameshakunywa dawa. Huku alikuwa Verna. Alikuwa na zamu yake ya saa kumi, alikuwa na ngoma ya jozi, ya kucheza wawili wawili, kila Ijumaa katika ukumbi wa kambi, na asubuhi alikunywa kahawa akiutazama mlima ukibadilika rangi bila mtu kumuuliza anafikiria nini. Alivipenda vitu hivyo kupita kiasi, na alikuwa ameviweka rehani kwa tone moja la maji.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua yeye tu. Alikuwa hajawahi kupanda kwenye paa la Gladys. Miaka yote ile Orville alipopanda, yeye alikuwa mshika ngazi. Alishika ngazi, akapokea matambara machafu, akampandishia mirija ya gundi, akamwambia awe mwangalifu. Hakujua huko juu kukoje.

Asubuhi alipanda. Alishika vipago kama mtu anayepanda mnazi kwa mara ya kwanza, akafika juu, akajilaza kifudifudi kwanza ili roho irudi mahali pake. Chini ngazi ilishikwa na Maxine. Mumewe Maxine, Delbert, mkulima mstaafu wa soya kutoka Missouri, alileta kiti chake akakiweka ng'ambo ya njia, ambako ni mahali halali. Hapa kambini kuna adabu zake. Hukanyagi zulia la mtu bila kuitwa, na hugusi ngazi ya mtu hata kama unaona anakosea. Lakini ushauri hauna mpaka. Kabla jua halijakolea, ng'ambo ya njia palikuwa na viti vingi kuliko kwenye mazishi, na kila kiti kilikuwa na mawazo yake.

Delbert ndiye aliyekuwa na mengi zaidi. Alimwambia Verna aoshe kwanza, kwa sabuni laini na brashi laini, asithubutu kutumia petroli wala mafuta ya taa, maana paa la Gladys ni ngozi ya mpira na mafuta huuvimbisha. Alimwambia asitembee ila apige magoti juu ya ubao. Alisema kweli tupu, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayehutubia bungeni, mpaka Maxine akamuuliza kama Nuhu amemaliza. Watu wakaangua kicheko. Kambi nzima ilimwita Delbert Nuhu, kwa sababu miaka ya nyuma aliwahi kuifurikisha nyumba yake mwenyewe, na hakupenda hadithi hiyo isimuliwe. Basi nasi tuiache hapo kwa sasa.

Verna aliosha. Maji yalitiririka meupe kama maziwa, unga wa jua la miaka mingi, na chini yake paa likaanza kuonekana. Lilikuwa zuri zaidi ya alivyotarajia. Mpira wenyewe ulikuwa mzima. Tatizo lilikuwa kwenye matundu, na nyumba ya magurudumu ina matundu kama chujio: la feni, la bomba la choo, la kiyoyozi, la antena, la dirisha dogo la bafuni. Kila tundu limezungukwa na fremu, kila fremu ina skrubu, na juu ya kila skrubu kuna gundi inayotakiwa kuzuia maji.

Akaibonyeza gundi ya bomba la choo kwa kidole gumba. Ikabonyea, ikapasuka, ikanyanyuka yote kama ganda la mkate. Chini yake palikuwa na gundi nyingine, na chini ya hiyo nyingine, na katikati ya kila tabaka palikuwa na vumbi. Verna akakaa kitako pale juu ya ubao. Miaka yote ile Orville alikuwa akimwaga gundi mpya juu ya ya zamani, bila kufuta, bila kukwangua, kisha anashuka akijipangusa mikono kama daktari aliyetoka kwenye upasuaji, na yeye chini na ngazi yake akimsifu.

"Orville Tollefson," alisema kwa sauti, "hata vumbi ulishindwa kufuta?"

Ng'ambo ya njia wakavua kofia kwa heshima ya marehemu. Verna alikuwa amemkasirikia kweli, mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka, kwa sababu alimwona kabisa, na ile kofia yake ya majani, akiharakisha kumaliza ili awahi viti vya saa kumi. Hasira ikaisha. Alimkumbuka sana, akajifuta uso kwa tambara lenye spiriti, jambo ambalo halipendekezwi, na akarudi kazini huku macho yanamwasha.

Siku mbili alikwangua. Iliyoshika vizuri aliiacha, iliyonyanyuka aliitoa yote kwa kipande cha plastiki, maana chuma hukata mpira. Kila alipokwangua alifuta kwa spiriti mpaka tambara litoke safi. Halafu ndipo akachukua bomba la gundi yenyewe, ile ya paa inayotandaa yenyewe. Ukiimimina hukaa kama uji mzito, halafu inajilaza polepole, inafunika skrubu, inatulia. Verna aliishangilia. Aliizungushia kila fremu, akaisubiri ijilaze, akasogea kwingine kwa magoti. Alhamisi mgongo ulimuuma kiasi kwamba alikula chakula amesimama, lakini hakukumbuka lini alikuwa amelala usingizi mtamu kiasi kile.

Ijumaa gundi ilikuwa imekauka. Ndipo Delbert akaomba ruhusa ya kukanyaga zulia, akapewa, akaja na mashine yake ya kupulizia majani. Wenyeji wa kambi wanaujua mtindo huo, na wanaupenda kuliko sinema. Unafunga madirisha na milango yote, unaipachika mashine kwenye tundu la feni kwa boksi na utepe, unaiwasha, na nyumba inajaa hewa kama mpira. Halafu mtu anapanda juu na ndoo ya maji ya sabuni, anayapaka kwa brashi. Penye upenyo, sabuni inatoa mapovu.

Walikuwa katikati ya shughuli hiyo wakati teksi ilipomshusha Joleen. Alisimama na sanduku lake. Mashine ilikuwa ikinguruma, viti vyote vya kambi vilikuwa vimehamia hapo, watu wanakodoa macho juu kama wanaongoja mwezi wa Idi, na mama yake mzazi alikuwa amepiga magoti juu ya Gladys, sabuni hadi kwenye viwiko, suruali yake imepakaa gundi ya kijivu matakoni. Maxine akamvuta Joleen kando, akampa kiti na sahani ya viazi vya kuokwa na nyama, akamwambia atulie, mama yake anapaka antena sasa.

Verna alipaka bomba la choo: kimya. Akapaka kiyoyozi: kimya. Watu wakapiga makofi kila mara. Akapaka kitako cha antena, na pembeni pakachomoza povu moja, likavimba, likapasuka, likafuatwa na jingine. Uwanja mzima ukapiga kelele kana kwamba goli limeingia. Verna naye akanyanyua brashi juu kwa furaha, maana afadhali povu leo kuliko maji kesho, na hapo ndipo alipomwona Joleen. Hakushuka. Alimpungia brashi, akaomba bomba la gundi, akaziba pale mbele ya macho ya binti yake, taratibu, bila kutetemeka. Alifurahi kutazamwa, tuseme ukweli.

Jioni walikwenda ngoma ya jozi. Joleen alifika ukumbini, akakaa kando ya ukuta, akamtazama mama yake akizungushwa na Delbert, halafu na mstaafu mwingine, halafu na Maxine kwa sababu wanaume walikuwa wamechoka. Verna alimwona binti yake akitabasamu, halafu akamwona amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Baadaye Joleen akasema amechoka na safari, akaomba ufunguo, akatangulia. Verna aliporudi alimkuta akinawa mikono kwenye sinki, anasugua vidole kwa bidii. Alikuwa na gundi kidogo kwenye kidole gumba. Verna akadhani ameshika ngazi, akamwonyesha chupa ya spiriti, wakalala.

Mvua ilifika Jumamosi wakati wa kahawa. Mvua ya jangwani haijui kubisha hodi: upepo uliinuka, mchanga ukapiga upande wa Gladys, halafu maji yakaja kwa ubavu kama yanayorushwa kwa ndoo. Delbert na Maxine walikimbilia kwa Verna, wakisema wamekuja kuwa mashahidi, ingawa hakuna aliyewaita. Wakaketi wanne kuizunguka meza, Joleen kwenye kochi chini ya dirisha, na wote wakainua nyuso kutazama dari.

 Verna alimimina kahawa. Alisikiliza mvua juu ya mpira, akawa anahesabu moyoni kila fremu aliyoizungushia: feni, choo, kiyoyozi, antena, bafu. Doa la kahawia lilibaki lilivyokuwa, kavu, halijaongezeka hata kidogo. Mvua ikazidi. Kikombe cha pili kikaisha, na dari ilikuwa kavu. Delbert akaanza kutabasamu. Maxine akambana Verna goti chini ya meza. Verna akavuta pumzi, akafungua ule mdomo wake ili aseme neno ambalo bila shaka lingekuwa la majivuno.

Tone likaanguka.

Lilianguka juu ya mkono wa Joleen, kwenye kifundo, wazi kabisa. Halafu likaja jingine, juu ya mto wa kochi. Wote waliliona. Joleen aliufunika mkono ule haraka kwa mkono mwingine, kama anayeficha kitu alichoiba, na Verna akaona alivyofanya ila hakuelewa.

"Nimeliona, mwanangu," Verna alisema. "Usilifiche."

 Alikuwa ameshaliona lile pazia jipya la Fargo, ameshasikia mtu akimuuliza kuhusu dawa. Lakini siku zile chache za kukaa juu ya paa zilikuwa zimemfundisha kutazama kabla ya kulia, kwa hiyo akatazama. Dari juu ya kochi ilikuwa kavu. Akapitisha kiganja: kavu kama unga. Maji hayakutoka juu. Yalikuwa yakitoka kwenye dirisha, mfereji wa chini ambamo kioo hutelezea ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na unamwagikia ndani.

Delbert alikuwa ameinuka. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya.

"Verna," akasema polepole, "nani kaziba vitundu?"

Sasa hadithi ya Nuhu haina budi kusimuliwa, na Delbert aliisimulia mwenyewe, amesimama hapo hapo, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Chini ya kila dirisha la nyumba hizi, kwa nje, kuna vitundu viwili vidogo. Ukivitazama utadhani fundi wa kiwandani alisahau kuviziba. Ni njia ya maji: mvua inayoingia kwenye mfereji wa kioo hutokea hapo. Kila mgeni wa maisha haya, akishapata bomba la gundi mkononi na hofu ya kuvuja moyoni, huviona na kuviziba, na kujiona mjanja. Delbert aliviziba vya nyumba nzima msimu wake wa kwanza. Mvua ilipokuja, madirisha yote yalijaa kama mabirika, na kochi jipya la Maxine likaelea, au karibu lielee.

"Basi ni wewe," Verna akasema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Umekuja kunisaidia bila kuitwa."

Delbert akaapa kwa mashamba yake yote ya soya kwamba hakugusa. Maxine akamtetea, na Maxine hamtetei mumewe ovyo. Verna alichukua mwavuli akatoka. Mvua ikampiga miguu. Akainama chini ya dirisha la kochi, na hapo, mahali vitundu vilipotakiwa kuwa, palikuwa na gundi ya kijivu, mpya, imelazwa vizuri sana, na imepigwa laini kwa kidole gumba. Alama ya kidole ilikuwa hapo.

Alipoinua macho, Joleen alikuwa amesimama nyuma yake, bila mwavuli, nywele zimemlalia usoni.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Jana, mlipokuwa ngomani. Niliona umevisahau."

Verna akakitazama kidole gumba cha binti yake.

"Nilikuja nikiwa na uhakika utashindwa," Joleen akaendelea, na sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Nilishamwandikia hata mtu wa kumnunua Gladys. Halafu nikakuona huko juu na hiyo brashi, na watu wote wanakupigia makofi. Na jana ukumbini. Fargo hujawahi kucheka hivyo, hata Baba akiwa hai. Nikarudi hapa nikazunguka Gladys na tochi ya simu, natafuta ulipoacha. Nilitaka ushinde."

Mvua ikaendelea kuwapiga. Verna alimtazama binti yake huyu mwenye miaka arobaini na sita, maji yanamdondoka puani. Alimpa mwavuli, halafu akaona upuuzi wa kumpa mtu aliyekwisha kulowa mwavuli, akauchukua tena. Maxine akatoa mkono mlangoni, na kijiti cha kuchokolea meno kikaonekana kwenye vidole vyake.

Joleen alikipokea, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuchokonoa. Gundi ilikuwa bado changa ndani, ikatoka kama utepe. Kitundu cha kwanza kilipofunguka, maji yote ya mfereji yakatoka kwa kishindo yakamwingia kwenye viatu, na kutoka ndani Delbert akapiga ukelele kwamba yanashuka, yanashuka, kochi limepona. Cha pili kikafunguka. Verna akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ubavu wa Gladys asianguke, na Joleen, amekaa kwenye matope na kijiti cha meno mkononi, akacheka naye.

Waliporudi ndani, wamejitanda taulo mabegani, Verna akakumbuka. Alikuwa mtu wa kuropoka, lakini alichokiropoka alikitimiza. Akasema kwamba alisema tone moja, na tone limeanguka, mashahidi wapo, na yeye hawezi kujifanya hakuliona. Alisema hivyo bila kumtazama mtu.

Delbert akatazama meza. Joleen akachukua mto wa kochi uliolowa, akaukamulia kwenye sinki.

"Hilo lilikuwa tone langu," alisema. "La Gladys bado sijaliona."

Maxine akamwambia Delbert wakatazame kama nyumba yao imepona, ingawa nyumba yao haikuwa na neno, na akamsukuma mlangoni. Verna alimkumbatia binti yake hapo hapo kwenye sinki, na taulo zao zote mbili zikaangukia maji yaliyomwagika sakafuni.

Asubuhi yake jangwa lilikuwa limeoshwa, mlima uko karibu kiasi cha kuguswa. Verna alitoka na kahawa akamkuta Joleen ameshaichukua ngazi, ameisimamisha nyuma ya Gladys, anaipima kwa mguu. Alisema anataka kuona hiyo kazi kwa macho yake kabla ya ndege ya jioni, na kwamba msimu ujao atachukua likizo aje wakati wa kuosha, kwa sababu kila mwaka lazima paa likaguliwe, si ndiyo? Verna akasema ndiyo, kila mwaka, tena mara mbili. Ng'ambo ya njia viti vya kwanza vilikuwa vinafunguliwa.

Verna akaweka kikombe juu ya gurudumu, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili kama alivyozoea, akamwambia mwanawe apige magoti, asitembee, na asiguse kitundu chochote asichokijua.